Darasa la Pili katika Nchi ya Binza

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutumiwa zaidi kuzungumzia adabu, lakini yafaa pia kuzungumzia elimu ya darasa la pili. Darasa la kwanza humzoesha mtoto shule. Darasa la pili ndilo linaloamua kama kitabu kitakuwa rafiki yake au mzigo wake. Katika insha hii tutalitazama darasa hilo katika nchi ya Binza, upande wa mashariki wa Usukuma.

Jina la Binza ni la siku nyingi. Wakati wa utawala wa Waingereza, watemi wa wilaya ya Maswa waliunganishwa katika shirikisho lililoitwa kwa jina hilo. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na maeneo hayo yakawa baadaye sehemu ya mkoa wa Shinyanga, hata mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe.

Ni kosa kudhani kwamba elimu ilianza Binza siku jengo la kwanza la shule lilipoezekwa. Mtoto wa mfugaji alijifunza hesabu kwa kulinganisha mifugo iliyotoka asubuhi na iliyorudi jioni. Alijifunza kukadiria na kutabiri kwa kucheza isolo, yaani bao la Wasukuma. Alijifunza lugha kwa vitendawili na ngano. Alijifunza hifadhi ya mazingira kwa kuonywa asiingize mifugo katika ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi. Alijifunza sanaa na ushirikiano kwa kutazama wakulima wakiinua majembe kwa pamoja katika ngoma ya bugobogobo. Masomo hayo hayakuwa na kengele wala vipindi, bali yalikuwa masomo.

Shule ya kikoloni haikuyatazama hayo. Wanafunzi wengi waliishia darasa la nne, na wachache waliobaki waliandaliwa kuwa makarani na watumishi wa serikali. Ndiyo sababu Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa mwezi Machi 1967, alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto atakayeishi kijijini, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Wakati huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe amepata nafasi. Madarasa yalijaa, na vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini. Kitabu cha Tujifunze Lugha Yetu kikawa mlango wa kusoma kwa watoto wengi wa nchi hii.

Sasa tuingie darasani. Katika kuhesabu, mwanafunzi wa darasa la pili hufundishwa mamoja, makumi na mamia. Hapo mtoto wa Binza hukutana na ndugu zake bila kujua. Nyumbani husema ibili, idatu, itano, inane, ikumi. Shuleni husikia mbili, tatu, tano, nane, kumi. Hata kenda, ambayo kwa Kisukuma ni tisa, ni neno la zamani la Kiswahili chenyewe. Sita, saba na tisa ndizo ngeni kwake, kwa kuwa zimetoka katika Kiarabu. Mwalimu anayeonyesha undugu huu kwa dakika tano huokoa wiki nzima ya kukariri.

Katika kusoma na kuandika, safari ni ngumu zaidi. Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano. Kisukuma hakitofautishi sauti ya r na ya l. Mtoto anapoandika kula badala ya kura, hakosi akili: anaandika anachokisikia. Mwalimu akimcheka, mtoto atanyamaza, na mtoto anayenyamaza darasa la pili huweza kunyamaza hadi la saba.

Hatari hiyo si ya kubuni. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni takribani watoto 8 tu katika kila 100 wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kusoma kwa ufahamu. Masomo yalikuwa mengi, na msingi ulikuwa haba. Kwa hiyo, mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulibadilishwa ili uzito uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na afya na mazingira, na michezo na sanaa.

Tukitazama orodha hiyo kwa makini, tutaona kwamba mzee wa Binza hawezi kuishangaa. Kuhesabu kulikuwa zizini na penye isolo. Mazingira yalikuwa katika ngitili, desturi ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua ili kurudisha miti iliyokatwa. Sanaa ilikuwa shambani. Jambo jipya ni maandishi, nayo maandishi hayakuja kuyafuta yale ya awali, bali kuyahifadhi.

Basi wajibu wetu ni upi? Mwalimu na aanze na mbegu za isolo kabla ya kuandika tarakimu ubaoni. Mwanafunzi wa sekondari, ambaye jana tu alikuwa darasa la pili, na amsikilize mdogo wake akisoma jioni, kisha aandike ngano za bibi kabla hazijapotea. Mzazi naye asimpeleke mtoto machungani siku ya shule. Utamaduni wa taifa hautunzwi katika majumba ya makumbusho peke yake. Hutunzwa pia na mtoto anayeweza kusoma kwa Kiswahili yale aliyosimuliwa kwa Kisukuma.