Mahindi ya Kuuza na Mahindi ya Kula

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu: sumukuvu. Malori yakakwama Namanga. Huku kwetu Ushetu, nilipopiga simu nyumbani, swali lilikuwa moja tu: bei itashuka mpaka wapi?

Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti. Waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mkasa ukaisha hapo, kwa magazeti.

Neno sumukuvu nalipenda, limeundwa vizuri. Ila linapotosha kidogo: kuvu unaweza kuiona, sumu yake huioni, na ugali hata uive vipi haiishi. Wanasayansi waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula chenye karanga zilizooza. Sisi tumeijua kwa misiba. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi Makueni na Kitui, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafa 20.

Sasa jiulize, ni lipi lililotikisa zaidi, vifo 20 au malori ya Namanga? Mimi nakumbuka malori.

Sheria tunazo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza 2003. Mwaka 2019 kazi ya chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini ukaguzi hufuata kinachouzwa: kiwanda, duka, mpaka. Kihenge cha mkulima hakiuzi kitu, kwa hiyo hakina mkaguzi.

Kwa bibi tulichambua mahindi uani, wajukuu wote. Meupe, mazima, yaliingia kwenye gunia la mnunuzi, maana yule bwana alikuwa akichomeka mkono mpaka chini kuangalia. Yaliyovunjika na yenye weusi tuliweka kwenye ungo: ya kuku, mengine ya pombe. Halafu Februari ikifika na kihenge kimebaki vumbi, bibi aliurudia ule ungo, akapepeta, akapeleka mashineni.