Mikono Juu

Kosa lilikuwa langu. Nilitoka Endiinzi asubuhi kwa boda, nimeombwa kumtafsiria mwalimu mgeni aliyekuja kwa wakimbizi wa Nakivale, Uganda, kuwafundisha wanawake yoga. Walikuwa kumi na kitu chini ya mti, wengi wa Kivu, wawili watatu Warundi, kila mmoja ametandika kitenge juu ya mkeka. Mwalimu, kwa sauti laini kabisa, akawaambia wanyanyue mikono. Nikatafsiri kama lilivyonijia: "Mikono juu!"

Mama mmoja wa mstari wa nyuma aliinua yake kabla ya wenzake wote, viganja vikitazama mbele. Kisha akajishtukia, akacheka, wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimeshaona. Kwa mtu aliyekimbia bunduki, maneno hayo mawili aliwahi kuambiwa na mtu mwingine, mahali pengine.

Kilichonipeleka pale hasa ni istilahi. Nilitakiwa nitafute jina la Kiswahili la ile yoga isiyo ya sarakasi, isiyomtaka mtu asimame kwa kichwa wala akunje mguu nyuma ya shingo: yoga ya wazee, ya wenye migongo mibovu, ya mama aliyebeba bidon ya lita 20 kichwani tangu alfajiri. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Nilianza na neno lenyewe. Yoga ni Kisanskriti, kutoka mzizi yuj, kufunga pamoja, kama wafungwavyo ng'ombe wawili wa kulima. Chombo hicho tunacho: nira. Tangaza basi mazoezi ya nira uone nani atakuja. Anayesoma Biblia anaijua nira, aliyesikiliza hotuba za uhuru anaijua nira ya mkoloni, na nyuma ya hizo kuna kongwa, gogo lile walilofungwa watumwa shingoni. Hapa Isingiro na Mbarara ndiyo kabisa haisaidii, maana ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu ni wa maziwa na heshima, si wa kuvutishwa jembe. Kinachonifurahisha ni kwamba wazo la yuj tulikuwa nalo bila kujua. Tunasema mazoezi ya viungo, na kiungo kinatokana na kuunga. Jina hilo hata hivyo limeshachukuliwa na mchakamchaka wa shuleni, halimwambii mtu chochote kuhusu pumzi. Basi yoga ibaki yoga. Inaishia na irabu, inaingia katika ngeli ya N bila kubisha hodi. Hatari yake ni moja tu, uyoga. Mama mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama watapewa na mbegu.

Maneno ya ndani ya yoga yalinitoa jasho kidogo kuliko nilivyoogopa. Asana, lile umbo linaloshikwa na mwili, linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kukaa kitako. Kiswahili kina mkao, kutoka kukaa, na sioni sababu ya kutafuta zaidi. Tena ni neno la mahali pale: Nakivale, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, rasmi si kambi bali ni makazi, ambako familia hupewa kipande cha ardhi cha kujengea na kulima. Wenyewe wanasema kambi, serikali inasema makazi. Pranayama, kazi ya kuongoza pumzi, ni rahisi zaidi. Lugha inayotoa pumzi, kupumua, kupumzika na mapumziko katika shina moja haihitaji kufundishwa kwamba pumzi na raha ni ndugu. Daktari atakueleza vilevile kwa njia yake: moyo huenda mbio kidogo tunapovuta pumzi na hupoa tunapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi, na ndiyo maana mwalimu husisitiza kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Kisha nikafika kwenye kivumishi, nikakwama.

Kwa sarufi, jibu ni yoga pole. Mzizi ni -pole. Ngeli ya N mbele ya p hudondosha nazali, kama nguo pana. Sahihi kabisa, na hakuna atakayeisikia hivyo. Atasikia pole ya msiba, pole ya ugonjwa, pole na kazi. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa niliipenda ajali hiyo. Mazoezi yanayokupa pole ni mazoezi ninayoyaelewa. Lakini istilahi haijengwi juu ya utani wa mtafsiri. Yoga ya upole? Upole ni tabia ya mtu asiyegombana, na wanawake wale hawakuja kufundishwa kunyamaza. Hilo wamefundishwa vya kutosha. Yoga laini ni kitambaa, au ugali. Yoga nyepesi inadanganya, kwa kuwa kukaa kimya dakika tano na mawazo yako si jambo jepesi. Nikaangukia yoga ya polepole. Mnyankore atasema mpora mpora, Mrundi buhoro buhoro, na wote wanalirudia neno kama sisi, kana kwamba kusema mara moja kungekuwa haraka mno. Kila aliyekuwepo alielewa bila maelezo, nami nikaandika daftarini: yoga ya polepole.

Ndipo nikasimama mbele yao na kusema mikono juu.

Hapo nilijifunza kwamba nilikuwa nimeutafuta upole penye kivumishi wakati unakaa kwenye kitenzi. Na Uganda jambo hili lina uzito wake. Kiswahili hapa kilipita kambini kabla ya kufika sebuleni: kilikuwa lugha ya jeshi la King's African Rifles, kisha ya polisi, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukisaidia kupendwa. Tangu mwaka 2005 katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini uliza watu wazima wa Mbarara walikisikia wapi kwanza, wengi watakutajia kizuizi cha barabarani. Simama. Kaa chini. Lala. Geuka. Inua mikono. Sasa chukua somo lolote la yoga ulitafsiri kwa amri tupu: ni maneno hayohayo, moja baada ya jingine.

Si hofu ya mtafsiri peke yake. David Emerson, aliyefundisha yoga kwa watu walioumizwa katika kituo kimoja cha tiba jimboni Massachusetts, aliifanya lugha ya mwaliko kuwa nguzo ya njia yake: mwalimu hamgusi mtu, haamuru, hutoa chaguo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukiongozwa na Bessel van der Kolk, wanawake 64 wenye majeraha sugu ya kiakili waligawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Katika kundi la yoga, asilimia 52 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Katika kundi la masomo ya afya, asilimia 21. Ni watu wachache, wala sisemi yoga inaponya vita.

Kiingereza kinapotaka kualika hulazimika kuzunguka na maneno mengi ya adabu. Sisi tunabadilisha irabu. Inua, uinue, tuinue. Hiyo -e ya mwisho inaondoa amri, na tu- ya mwanzo inamweka msemaji mkekani pamoja na wengine. Mara ya pili nilisema: "Tunyanyue mikono, polepole, anayependa." Nikanyanyua na yangu. Yule mama wa nyuma hakunyanyua. Aliiweka mapajani, akafumba macho, akapumua na wenzake hadi mwisho, na hilo nalo ni yoga.

Kuna neno jingine nililoombwa, la hali njema ya kila siku ambayo mazoezi haya yanalenga. Ofisini huandikwa ustawi, neno zuri, ila wanawake wale walilitumia kwa mahindi na maharage: shamba limestawi. Mtu huulizwa kama yuko mzima. Uzima basi, ambao unabeba afya na ukamilifu kwa pamoja. Na kinyume chake hawakukiita msongo wa mawazo kama magazeti ya Dar es Salaam, walisema "mawazo mingi". Nikalifuata lao. Mgongo haukuhitaji istilahi yoyote, kila mtu alionyesha kwa kidole. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya kiuno kabla ya vidonge. Mwenye presha isiyodhibitiwa, hata hivyo, asiinamishe kichwa chini ya moyo, na mjamzito aseme mapema.

Lililobaki lilikuwa mkao wa mwisho. Unalala chali, mikono kando, huna unachofanya. Kisanskriti kinauita shavasana, na shava ni maiti. Kamusi ingenipa mkao wa maiti bila kusita. Niliutazama ule mstari wa wanawake, nikameza neno. Nikasema tu, "Sasa tulale chali, anayetaka. Asiyetaka akae." Wengi walilala. Mmoja alijifunika uso kwa kitenge, mtoto wake akaja kukaa karibu na kichwa chake, akichezea ncha ya nguo.

Baadaye, wakikunja mikeka, niliuliza wangeuitaje mkao ule. Hawakukubaliana. Mmoja alisema kulala, mwingine akamjibu kwamba yeye hakulala hata kidogo, alisikia kila kitu hadi kuku wa jirani. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye bidon yake muda wote kwa sababu ya magoti, akasema: "Ni kutua." Akaonyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha mzigo kichwani na kuuweka chini bila kumwaga.

Niliandika kutua. Njiani, boda ikipita kati ya migomba, nikakumbuka kwamba kutulia kumetoka hapohapo.