Rimoti Nyeupe na Jeshi la Vijimea

Leo tunaweka kando hina na vitambaa tuzungumzie gemu. Msikunje uso! Historia hii inatuhusu hata sisi tunaoambiwa gemu ni za watoto wa kiume.

Kuna gemu za mikakati ya papo kwa papo. Unakusanya mali, unajenga, unagawa kazi na kuongoza jeshi, na adui hangoji zamu yake. Iliyoweka mtindo huo ni Dune II ya mwaka 1992, ya kampuni ya Westwood, Marekani. Ziliota mizizi kwenye kompyuta kwa sababu ya kipanya: unaonyesha mahali, unabofya, askari wanakwenda. Mashine za kwenye televisheni zilikuwa na kijiti cha kidole gumba tu. StarCraft ilipoletwa kwenye Nintendo 64 mwaka 2000, kijiti ndicho kilibebeshwa kazi ya kipanya. Ni kama kutarizi umevaa glavu.

Novemba 2006 kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ikaanza kuuza Wii. Jina linatamkwa kama neno la Kiingereza la "sisi", maana ilikusudiwa nyumba nzima. Rimoti yake nyeupe ilihisi mwendo wa mkono, na mbele ina kamera ndogo inayoona mwanga usioonekana kwa macho, utokao kwenye kifaa chembamba kinachowekwa karibu na televisheni. Ukielekeza mkono kwenye skrini, alama inafuata. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na hata mabibi walisimama sebuleni wakirusha tufe la kuangusha pini.

Basi kipanya cha hewani kilikuwa kimepatikana. Ungetarajia gemu za mikakati zimiminike, lakini wapi! Battalion Wars 2 ilikuja 2007, Little King's Story na Swords & Soldiers 2009, na nyingine chache. Hapo ndipo tunapoumia. Kwa maoni yetu, watengenezaji wengi walidhani anayecheza na mama yake hataki kuumiza kichwa.

Iliyoonyesha rimoti ile inaweza nini ni Pikmin ya Shigeru Miyamoto. Ilitoka 2001 kwenye GameCube, ikaboreshwa kwa Wii mwishoni mwa 2008 huko Japani, na 2009 kwingineko. Kapteni Olimar ameanguka na chombo chake kwenye sayari ngeni. Ana siku 30 kutafuta vipande 30. Wasaidizi wake ni viumbe vidogo kama vijimea, visivyozidi 100 kwa wakati mmoja uwanjani: vyekundu haviungui moto, vya bluu havizami, vya manjano hurushwa juu zaidi. Zamani alama ilikuwa ikimtangulia kapteni hatua chache. Kwa Wii unaonyesha popote, unarusha. Jua likizama, walioachwa nje huliwa.

Wajapani wana neno *dandori*, yaani kupanga kazi zisigongane, na Nintendo wenyewe wamelitumia kueleza gemu hii. Sisi washonaji tulilielewa bila mkalimani: mmoja anakata, mwingine anatia shanga, wa tatu yuko kwenye pindo, na harusi ni Ijumaa.

Mwaka 2013 Pikmin 3 ilitoka kwenye mashine mpya, Wii U, yenye skrini yake ya mkononi. Hata hivyo waliruhusu ichezwe kwa rimoti ileile ya zamani. Sisi tungeichagua hiyohiyo.