Moshi wa jikoni

Moshi wa jikoni ni ule unaotokana na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo au mafuta ya taa mahali pasipopitisha hewa ya kutosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Afrika Mashariki, hata hivyo, moshi huu umezoeleka kama kero ya macho tu: mpishi hufuta machozi kwa ncha ya kanga, akainama kupuliza tena.

Kinachodhuru zaidi hakionekani. Chembe zisizozidi mikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo hukaribia kuwa maradufu, naye mara nyingi yuko mgongoni mwa mama wakati ugali unasongwa. Watu wazima hupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi. Mwanamke anayekohoa kwa miaka mingi na hajawahi kuvuta sigara anastahili kuulizwa anapikia nini.

Mkaa hudanganya, kwa kuwa ukishakolea hautoi moshi mwingi. Lakini hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwenye nyanda za baridi wapo walioingiza jiko chumbani ili waote moto, wakalala, wasiamke.

Majiko banifu hupunguza kuni na mkaa, na hilo ni jambo jema kwa misitu na kwa mfuko. Mapafu ni habari nyingine. Utafiti uliofanyika Malawi kwa watoto zaidi ya 10,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, ulionyesha kuwa hata majiko ya kuni yenye feni hayakupunguza nimonia. Familia hizo zilikuwa bado zinavuta moshi wa taka zinazochomwa, wa tumbaku na wa mioto mingine.

Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Kikwazo kikubwa ni bei, si ujinga. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Kujaza mtungi wa gesi, hata ule wa kilo 6, hutaka fedha ya mkupuo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina vyote viwili: gesi ya chai, mkaa wa maharage. Uhamasishaji usiogusa bei ni kumsimanga mpishi.

Asiyemudu gesi leo apikie nje au penye matundu pande mbili, atumie kuni zilizokauka, awaweke watoto mbali na moto, na kamwe asilale na jiko la mkaa chumbani.