Fahamu 'Sanaa ya Vita', kitabu cha Sun Tzu kilichoacha alama hadi Tanzania

Sanaa ya Vita ni kitabu cha Kichina cha mbinu za kijeshi chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kina sura 13 fupi tu, lakini hadi leo kinasomwa na majenerali, wafanyabiashara na hata makocha wa mpira.

Nani alikiandika?

Kwa mapokeo ya Wachina, mwandishi ni Sun Tzu, jemadari aliyemtumikia mfalme wa dola la Wu takriban miaka 500 kabla ya Kristo. Wapo wanahistoria wanaosema kiliandikwa baadaye, tena na watu zaidi ya mmoja.

Mwaka 1972, mafundi wa ujenzi huko Linyi, jimbo la Shandong, walikuta makaburi ya kale. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mianzi vyenye maandishi ya kitabu hicho.

Kinafundisha nini?

Kwanza, ushindi bora ni ule wa bila kupigana. Vita ni gharama, vikidumu sana hata mshindi anafilisika.

Pili, mjue adui yako na ujijue mwenyewe. Ndiyo maana sura ya mwisho yote inahusu wapelelezi.

Tatu, ukimzingira adui, mwachie upenyo. Akikosa pa kutokea, atapigana hadi kufa.

Kilivyosambaa

Padri Joseph-Marie Amiot alikitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1772, na Lionel Giles kwa Kiingereza mwaka 1910. Mao Zedong naye alimnukuu Sun Tzu mwaka 1938, alipoeleza namna ya kuishinda Japani kwa vita vya muda mrefu.

Mbinu za Mao za vita vya msituni zikaja hadi huku kwetu. Wakufunzi wa Kichina waliwafundisha wapigania uhuru waliopiga kambi Tanzania, wakiwemo wa FRELIMO kule Nachingwea na wa ZANU kule Mgagao, Iringa. JWTZ, lililoundwa Septemba 1, 1964, nalo lilipata wakufunzi na silaha kutoka China.

Upenyo wa Kampala

Fundisho la tatu lina mfano wake katika Vita vya Kagera. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoikaribia Kampala, Mwalimu Nyerere aliamua barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi, ili askari wa Libya waliokuja kumsaidia Idi Amin waondoke.

Wengi wakaondoka. Kampala ikatekwa Aprili 11, na mji ukanusurika na mapigano makali ya nyumba kwa nyumba.

Lakini upenyo nao una bei yake. Askari wa Amin nao walipata pa kukimbilia, na kazi ya kuwafuata kaskazini na mashariki iliendelea hadi Juni 3, 1979.

Nje ya uwanja wa vita

Siku hizi mafundisho hayo yametoka kambini na kuingia sokoni. Anayenunua mpunga Usevya na kuupeleka Mpanda bila kujua bei ya huko wala gharama zake za usafiri, ameshashindwa kabla gari halijawashwa.