Waya wa Nyumbani Hauna Kosa: Ugomvi Uliokwamisha Filamu Marekani

Mwishoni mwa mwaka 2013, wateja wa Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya nyumbani nchini Marekani, walikuwa na lalamiko lisiloeleweka. Walilipia kasi kubwa, na wakiipima waliikuta ipo. Lakini wakifungua filamu ya Netflix, picha ilififia, ikasimama, kiduara kikaanza kuzunguka.

Kwa takwimu za Netflix yenyewe, Januari 2014 filamu zake ziliwafikia wateja hao kwa wastani wa megabiti 1.51 tu kwa sekunde. Msongamano ulikuwa pale ambapo mitandao iliyobeba filamu hizo, ukiwemo wa Cogent, ilikabidhi data kwa Comcast. Ilikuwa barabara pana inayoishia kwenye daraja la gari moja, na kila upande ulitaka mwenzake agharamie upanuzi.

Februari 23, 2014, Netflix na Comcast zilitangaza kuwa zimekubaliana kuunganishwa moja kwa moja, na Netflix ndiyo iliyolipa. Kufikia Machi wastani ulikuwa umepanda hadi megabiti 2.5, wala hakuna mteja aliyebadilishiwa waya.

Kipimo cha kasi hakikuwa kimedanganya. Mara nyingi programu hizo huwasiliana na seva ya karibu, pengine iliyo ndani ya mtandao wa kampuni inayokuuzia intaneti. Video huweza kutoka mbali, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa. Programu ya kuichezesha hujiwekea akiba ya sekunde chache za mbele; data ikiingia polepole kuliko inavyotazamwa, akiba huisha na picha husimama.

Kenya iliujua ugomvi wa namna hii mapema. Zamani barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ndipo ikarudi mjini. Novemba 2000 watoa huduma walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humohumo nchini. Telkom Kenya ikalalamika kuwa haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na wiki chache tu baadaye mdhibiti wa mawasiliano akaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Baadaye Google na wenzake waliweka nchini seva zenye nakala za video zinazotazamwa sana, na safari ya data ikafupika.

Kwa hiyo usikimbilie kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kwanza unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili ujue kama mkosaji ni Wai-Fai. Ikiwa bado huduma moja tu inakwama kila jioni ilhali nyingine zinakwenda vizuri, huenda kasoro iko nje ya nyumba yako. Muulize mtoa huduma wako ameunganishwaje na huduma hiyo, na umdai jibu: hilo nalo umelilipia.