Chuma Juu ya Chuma: Gari la Moshi la Kindu na Kongolo

Msafiri wa Kasongo, katika Maniema ya Kongo, aliyetaka kupanda gari la moshi hakuwa na budi kwanza avuke mto Lualaba, kwani njia ya reli imepita ng'ambo ya magharibi. Nayo ni njia ya kilomita 355, iliyojengwa na kampuni ya CFL, ambayo Baron Empain aliiasisi mwaka 1902, ikafunguliwa baina ya Kindu na Kongolo mwaka 1911, ili shehena isiyoweza kupita katika maporomoko ya mto, na ambayo kabla ya hapo ilikuwa mzigo wa wapagazi, sasa ivutwe kwa mvuke.

Lakini gurudumu laini la chuma litashikaje juu ya reli laini ya chuma? Wahandisi wa awali walilitilia shaka jambo hilo, hata John Blenkinsop, huko Leeds, mwaka 1812 akalitia gurudumu meno ya kuuma reli. Ila mwaka uliofuata William Hedley, katika mgodi wa makaa wa Wylam, alithibitisha ya kuwa uzito wa mashine peke yake watosha. Reli ikiwa kavu, mashine huweza kuvuta kwa nguvu ipatayo robo ya uzito ulioelemea magurudumu yaendeshwayo: tani 40 hutoa mvuto wa tani 10 hivi. Mvuke ukizidi kadiri hiyo, magurudumu huzunguka bure, na yakisha kuteleza mshiko hudhoofu zaidi, mpaka dereva aupunguze mvuke.

Katika nchi ya mvua na misitu kama Maniema, ambako reli hulowa umande na majani yaliyopondwa, robo hiyo haidumu. Dawa yake ni mchanga, uliowekwa aghalabu juu ya tangi la mvuke ili joto liukaushe, ukamiminwa kwa mrija mbele ya gurudumu. Kuongeza uzito nako kuna mpaka, maana reli nyepesi haistahimili. Ndiyo sababu Shirika la Reli la Afrika Mashariki, katika njia yenye upana wa mita 1 kama ilivyokuwa ya CFL, lilileta mwaka 1955 mashine za Garratt za tani 252, zilizoutawanya uzito wao juu ya mihimili mingi.

Mwaka huo huo CFL iliipanua njia yake kufikia mita 1.067, ili iungane na reli za Katanga. Na zama za dizeli zilikuwa zimekaribia. Katika mashine ya mvuke, msukumo wa pistoni hupanda na kushuka katika kila mzunguko, na gurudumu huponyoka pale unapofika kilele. Tena magurudumu madogo ya mbele, na behewa la kuni na maji, huchukua uzito usiosaidia kuvuta. Dizeli huzalisha umeme, nao ukaendesha mota katika kila mhimili kwa nguvu iliyo sawasawa, hata uzito wote wa mashine ukawa na kazi. Basi katika kuishika reli iliushinda mvuke kwa usawa wa nguvu na kwa kutopoteza uzito. Na mchanga ingali yauchukua, kwa kuwa mvua ikinyesha, chuma chake huteleza vilevile.